Chubwi Ndani ya Rafadha

Nitasema mapema ili mwisho usije ukanilaumu: ndege ile haikuruka. Anayetaka habari za kuruka na akawaulize wenye ndege zao. Yangu mimi ni habari ya injini kuwashwa mara ya kwanza, nyuma ya nyumba yetu huko Wete, na ya kitu nilichokificha ndani ya mbao kikakaribia kuniulia mtu. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa au sitini, sikumbuki sawasawa. Nakumbuka mikarafuu ilizaa sana, na ua wangu haukuwa na pa kuanika hata ungo mmoja wa karafuu.

Mume wangu alikuwa hatulii. Akila, goti linacheza. Akiswali, mie nyuma yake nakiona kidole gumba cha mguu kinakuna mkeka. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha mafuta ya nazi cha Muhindi mmoja mwenye duka mjini, lakini kabla ya kunioa aliwahi kufanya kazi uwanja wa ndege wa Chake, kazi ya kutia kabari chini ya magurudumu na kusimama na ndoo ya mchanga, endapo moto utazuka. Ugonjwa aliupata huko. Rubani mmoja alimwachia kitabu cha michoro kisicho na jalada, naye akakisoma miaka, kwa Kiingereza chake cha shule na kwa kidole, mpaka kurasa zikawa laini kama leso kuukuu.

Injini ilitoka kwenye gari dogo la daktari lililotumbukia mtaroni njia ya Konde. Gari lilikufa, injini ikabaki nzima. Ilikuwa ya namna ile isiyotaka maji, inapozwa na upepo tu. Muhindi aliichukua, ikamshinda pa kuitia, akampa mume wangu kwa kuwa alimnusuru kinu chake kilipovunjika katikati ya kazi. Ikaja kwetu kwa gari la ng'ombe, imefunikwa gunia, na majirani wakatoka milangoni kuangalia.

"Wenzio huoa wa pili, weye umeleta injini," jirani mmoja alimwambia.

"Hino haina maneno mengi," mume wangu akajibu, akanitupia jicho.

Nilimrushia ufagio. Ulimpata mgongoni na wala hakuuhisi, alikuwa keshainama kuifunua ile injini yake.

Kwa mwaka na kitu ua wetu ukawa si ua. Kiwiliwili cha ndege, mbao nyembamba na waya, kilikaa pale nilipokuwa nikianika. Mabawa yaliegemezwa ukutani, bado mifupa mitupu, kuku wakilala juu yake na kuyachafua. Watu walitusema. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na wanawake kisimani walikuwa wakiniuliza, "Mwenzetu, ndege ishakuwa na miezi mingapi?" Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani nabamiza ndoo.

Nilikuwa na hasira nayo, sikatai. Lakini chini ya hasira palikuwa na woga, na woga huo sikumwambia mtu. Nilimtazama akimega mkate nikajiambia: mkono huu, shingo hii, nani atakwenda kuviokota mashambani kwa watu?

Mwenzangu katika woga alikuwa mama yake, tuliyekaa naye nyumba moja. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Mumewe aliondoka kwenda Mombasa kutafuta kazi ya meli mtoto akiwa bado ananyonya. Hakurudi, wala barua. Mama hakuwahi kumtaja kwa ubaya. Hakuwahi kumtaja kabisa.

Basi ikafika zamu ya rafadha. Rafadha ni lile panga la mbele, linalozunguka na kuivuta ndege. Mume wangu chuma alikijua, mbao hakuijua, na hili alikuwa na akili ya kulikubali. Akamwita fundi wa vyombo kutoka kisiwa cha Fundo, mzee mkavu, mchache wa maneno, aliyechonga mashua na ngalawa maisha yake yote. Alikuja na tezo yake, randa na keekee, akakaa kwetu siku tisa. Alipoonyeshwa mchoro aliugeuza juu chini, akasema, "Hili kasia lilipindwa na jini." Kisha akaanza kazi. Waliunganisha mbao tano za mvule kwa gundi, wakazibana, halafu yule mzee akachonga kwa jicho, na mume wangu akipima kwa vipande vya bati alivyovikata kufuata kitabu. Jicho la mzee na bati la kitabu vilikuwa vikikutana kila mara. Mume wangu alikuwa akicheka peke yake kwa furaha.

Siku ya nane, mume wangu akiwa kinuni, mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa ametoka Msuka jana yake, safari ya siku mbili aliyosema ni ya kumwona mgonjwa. Alifungua upindo wa kanga akanitia mkononi kitu kizito, kidogo kama kokwa ya tende.

"Kinga ya mumeo," akasema. "Mpe fundi akitie."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu hakuna chombo kinachoteremshwa majini bila zindiko. Karatasi iliyoandikwa na shehe hukunjwa ndani ya chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ikagongwa mpaka ikajifunga, ili maji yasiifikie. Fundi hutoboa tundu omoni, pale mbele ya chombo, akaishindilia humo, akaziba kwa kipande cha mbao ileile. Ukipitisha mkono huoni kitu. Babangu alikuwa mvuvi, nimekua nikijua hivyo, na nakwambia ule uzito ulipokaa kiganjani mwangu nilipumua kwa mara ya kwanza tangu injini iingie uani.

"Mwenyewe je?" nikamwuliza.

"Mwenyewe ataona ujinga. Kinga haitangazwi, mwanangu."

Nilimwendea fundi. Hata hakushangaa.

"Nilikuwa nangoja mtu aniulize," akasema. "Tangu niijue tezo sijatoa chombo mkononi kitupu." Kisha akaiweka rafadha mapajani, akaitazama huku na huku. "Lakini hiki omo yake ni ipi?"

Hapo tukakwama wote wawili. Chombo kina mbele na nyuma. Kile kidude kilikuwa kinazunguka. Mzee alionyesha katikati, pale penye tundu la kufungia. Mie nikasema hapana, hapo ni tumboni, nani huweka zindiko tumboni? Nikagusa ncha ya ubapa mmoja, upande mmoja wa lile panga.

"Hapa. Hapa ndipo panapotangulia kukata."

Alifikiri, akakubali. Ncha ndiyo inayokutana na lililo mbele. Akatoboa kwa keekee kuingia ndani ya ncha, urefu wa kidole, akaitia chubwi, akaziba kwa mvule na gundi, akasugua kwa ngozi ya samaki taa mpaka mimi mwenyewe niliyeonyesha mahali sikupaona tena.

"Mwenyewe anajua?" akauliza.

"Usimwambie, mzee wangu. Nakuomba."

"Siri ya chombo ni ya fundi na mwenye mali. Weye ndiye mwenye mali?"

"Mie ndiye mwenye mume."

Akacheka, kicheko chake cha kwanza nyumbani kwetu.

Kesho yake jioni mume wangu akaipima rafadha. Namna yake ilikuwa hivi: alipitisha fimbo ya chuma katika tundu la katikati, akailaza fimbo juu ya makali ya mapanga mawili yaliyosimamishwa kwenye masanduku. Rafadha iliyo sawa hukaa popote unapoiacha. Yetu aliiacha imelala sawa, nayo ikashuka upande mmoja, polepole, mpaka ncha ikaelekea chini. Akaigeuza. Ikashuka tena, ncha ileile.

Nilikuwa mlangoni na sinia ya chakula. Nilijua mara ileile, sikuhitaji kitabu.

"Mzee, upande huu mzito," mume wangu akasema.

Fundi akanitazama. Nikatazama wali.

"Mvule una upande uliopigwa jua," mzee akasema. "Upande huo huwa mzito."

"Sasa fundi mzima na mvi zako hujui kuchagua mbao? Siku tisa! Siku tisa nakulisha unipe kitu kama mguu wa kiwete!"

Neno lile lilimtoka kwa uchovu, mume wangu hakuwa mtu wa kutukana wakubwa. Lakini lilimtoka. Yule mzee akainuka. Alikusanya tezo, randa na keekee, akazifunga kwenye kikapu kimoja kimoja, akaniambia, "Kwaheri, mwanangu," akatoka. Chakula kilikuwa mbele yake na hakukigusa. Mtu akitoka nyumbani mwako bila kuonja chakula alichotengewa, kwetu hilo halifutiki kwa maneno matupu.

Ungesema hapo hapo, utaniambia. Ndiyo. Na mie naambia nafsi yangu hivyo mpaka leo. Nilitia kanga mdomoni nikanyamaza.

Zikaanza wiki za kukwangua. Mume wangu akirudi kinuni hata maji hanywi. Anachukua kipande cha chupa, anakwangua ubapa mzito, unga wa mvule unamjaa nyusi. Anaweka juu ya mapanga. Unashuka. Anakwangua. Unashuka. Kucha zilimpasuka. Aliacha kunitania, nami nilitamani aniudhi kidogo nipate kumjibu. Kila chembe ya mbao iliyoanguka ilikuwa yangu mimi, na niliifagia kila asubuhi kwa mkono wangu. Nilikuwa sikai, sisimami. Nikiketi kupepeta mchele nainuka, nikiinuka sijui nimeinukia nini.

Nilimwambia mama mkwe, "Mama, ile chubwi inamtesa."

"Kinga ina uzito wake," akasema, akaendelea kusuka ukili.

Mwisho wake rafadha ikakaa sawa. Aliiacha imelala, ikalala. Akaiacha imesimama, ikasimama. Mume wangu alikaa chini mavumbini akalia machozi, mwanamume mzima, nami nikalia naye kwa sababu nyingine.

Tukaingia matayarisho ya kuwasha. Nasema tukaingia kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekubali kuketi ndani ya kiti kile. Mmoja ashike swichi na mkono wa kuongezea moto, mwingine asimame mbele aizungushe rafadha kwa mikono. Wanaume wa mtaa wote walikuwa na kazi siku hiyo, hata wasio na kazi. Basi nikasema nitaketi mie. Alinifundisha. Aliifunga rafadha kwa bolti sita, akizikaza kwa kukabilishana, hii halafu ya pili yake ng'ambo, kisha akazisokota kwa waya zisije zikalegea. Akasimamisha kijiti karibu na ncha akazungusha, kuona kama ncha zote mbili zinapita mahali pamoja. Zilipishana unene wa ukucha. Akatia kipande cha karatasi nyuma ya bolti moja, zikapita pamoja. Akafungua plagi zote, akazungusha injini kavu, bila petroli, mara mia, mimi ndani naitazama geji mpaka sindano ya oili ikanyanyuka. Petroli aliichuja kwa kitambaa mara tatu. Mkia aliufunga kwenye mnazi kwa kamba nene ya kumbi za nazi, na magurudumu akayatia kabari, kazi yake ya zamani.

Jambo moja alilirudia mpaka nikachoka. "Asisimame mtu ubavuni mwa rafadha. Mbele nitakuwa mie na nitaondoka. Nyuma sawa. Ubavuni, hata kuku asiwepo."

"Kwani pana nini ubavuni?"

"Nilipokuwa Chake, kokoto moja tu iliguswa na rafadha. Ilitoboa bati la kibanda ikatokea upande wa pili. Kitu chochote kikichomoka kwenye ncha kinakwenda namna hiyo. Kwani utakiona? Hukioni."

"Na kikichomoka kitu, rafadha yenyewe je?"

"Rafadha inakuwa kiwete, upande mmoja mzito, na huku inakwenda mbio. Itaing'oa injini mahali pake, imwangukie aliye mbele." Akacheka. "Usiogope. Hakuna cha kuchomoka mle. Mbao tupu."

Nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Niliporudi nilikuwa nimeazimia kumwambia. Nilimkuta anapiga pasi kanzu yake ya Idi, kwa ajili ya siku ya kuwasha injini! Anaimba. Ee Mola wangu. Nikasema, nitamwambia kesho asubuhi. Asubuhi Muhindi wa kinu alikuja na mkewe kuangalia, wameleta halua. Adhuhuri shehe wa mtaa naye akaja. Baada ya alasiri ua ulijaa mpaka watoto wakapanda minazi.

Mume wangu aliwasukuma watu wote nyuma. Ubavu wa kulia ukawa mtupu. Ubavu wa kushoto, kando ya ukuta wa jiko, mama mkwe alikuwa ameweka kibao chake cha mbuzi, cha kukunia nazi, na amekaa juu yake na tasbihi mkononi.

"Mama, ondoka hapo."

"Haya, baba." Akasogea hatua mbili. Mume wangu alipompa mgongo, akarudi na kibao chake. Nilimwona. Alikuwa sawa kabisa na ncha ya rafadha. Alikuwa anaiangalia chubwi yake.

Nilipanda kitini.

"Zima!" mume wangu akaita kutoka mbele.

"Imezimwa!"

Akaivuta rafadha, mara moja, mbili, tatu, nne, injini ikanyonya petroli. Harufu yake ikanifika. Aliusimamisha ule ubapa pale anapoutaka, akasugua viganja kwa mchanga, akashika. Ulikuwa ubapa wetu. Nilijua kwa rangi yake, ulikwanguliwa mpaka ukapauka.

"Washa!"

Kidole kilikuwa juu ya swichi. Kwa huku namwona mume wangu, kanzu imepigwa pasi, mikono juu, anatabasamu. Kwa kule mama mkwe na tasbihi. Kuwasha ni kazi ya kidole kimoja.

"Washa, mwana we!"

"Ina kitu," nikasema.

"Nini?"

"Ina kitu ndani! Kwenye ncha! Nimetia chubwi, mie, mie na yule mzee, ina zindiko! Usiishike! Mama, ondoka hapo!" Nilikuwa nimesimama kitini napiga kelele, kanga imenianguka kichwani mbele ya shehe na Muhindi na mtaa mzima. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mie siku ile niliuanika wote.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mume wangu aliachia ubapa kama mtu anayeweka yai. Akaingia ndani akatoka na patasi. Akatafuta kwa kidole, akapata, kwa kuwa sasa alijua anatafuta nini. Kizibo kilitoka kwa pigo moja. Chubwi ikadondoka kiganjani mwake bila hata kuvutwa, na hapo rangi ilimtoka, maana aliona kwamba haikuwa imeshikwa na kitu.

Akaipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa zafarani, imekunjwa ndogo. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alisoma vizuri, akaanza kuisoma kwa sauti: jina lake, mwana wa fulani. Kisha sauti ikapungua. Akaisoma tena kimya. Akaniangalia.

"Ulijua kilichoandikwa?"

"Kinga," nikasema. "Kinga yako."

"Si kinga. Imeandikwa nifungwe juu ya ardhi. Chombo kisinyanyuke, na mimi nisitoke."

Nilimgeukia mama mkwe. Sijapata kumpandishia sauti kabla ya siku ile, wala baada yake. "Mama! Umenituma mie nimfunge mume wangu?"

Alikuwa bado ameketi juu ya kibao. "Nilikwambia kinga," akasema kwa sauti yake ya chini. "Mtu asiyeruka haanguki. Unayo kinga kubwa kuliko hiyo?" Akamwangalia mwanawe. "Babako nilimwombea safari njema. Dua ikapokewa. Safari ikawa njema, hakurudi."

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiaga chini kwa chini. Halua ilibaki kwenye sinia.

Rafadha ile ilikuwa haifai tena. Chubwi imetoka, na ubapa ule uliliwa na chupa wiki nzima na nyingine, sasa mwenzake ndiye aliyekuwa mzito. Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Hakusema nami siku sita. Siku ya saba akaniambia, "Vaa buibui, tunakwenda Fundo." Tulichukua mashua mchana. Yule mzee tulimkuta kwenye kazi yake. Mume wangu alimshika mkono akaubusu, akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Mbao yako ilikuwa sawa." Mzee akanitazama mimi. Nikasema, "Mie ndiye mwenye makosa." Akaita wajukuu wake walete chakula. Tulikula kwake, na baada ya mwezi akaja kwetu akala kwetu, akachonga rafadha ya pili. Hii alipoiweka juu ya mapanga ilikaa sawa mara ya kwanza. Mzee aliomba maji ya kunawa tu.

Siku ya kuwasha hatukualika mtu. Mama mkwe aliombwa akae ndani, akaitikia haya, baba.

"Zima!" "Imezimwa!" "Washa!" "Imewashwa!"

Akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena, ikapiga, ikashika, na rafadha ikatoweka machoni pangu, pakabaki ukungu wa duara na upepo. Lo! Upepo ule! Uliniingia mdomoni, ukanivua kanga, majani ya minazi yakalala nyuma. Mume wangu akanipa ishara ya kuongeza, nikaongeza. Magurudumu yalizisukuma kabari. Mbao zote zilikuwa zikitetemeka chini yangu, waya zinalia, na nilihisi kitu kizima kinataka kwenda. Kinavuta. Miezi yote ile nilikuwa nimeogopa, na sasa nimekaa ndani yake na woga siuoni. Nilitaka ikate kamba. Nakwambia kweli ya Mungu, nilitaka kamba ikatike, niuone ukuta wa jiko unabaki nyuma, na kisima, na wanawake wa kisimani, na mtaa.

Mume wangu alivuka mikono juu ya kichwa: zima. Nilimwona. Sikuzima. Akavuka tena. Nikaongeza moto kidogo, kidogo tu. Akavuka mara ya tatu, uso umembadilika, akaanza kuashiria nyuma yangu. Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa kwenye mnazi. Kamba ilikuwa imefungwa pale kwa mafundo matatu, ingeweza kuzuia ng'ombe wawili. Yeye ameishika kwa mikono miwili, amejitupa nyuma, miguu imezama mchangani, macho ameyafumba, anaivuta.

Nikazima.

Mume wangu alikimbilia kwake. Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja. "Imenyamaza, mama," alikuwa akimwambia. "Imenyamaza." Kumbi ilikuwa imemchuna viganja vyote viwili. Alimketisha barazani, akampaka mafuta ya nazi, polepole, kama anapaka injini. Goti lake lilikuwa limetulia. Miaka minne ya ndoa, sikuwahi kuliona limetulia.

Mie ndiye niliyekuwa siwezi kukaa. Nilizunguka ua, nikawafukuza kuku juu ya mabawa, nikayafuta mavi yao kwa kanga yangu nzuri.

"Kitambaa cha kuyavika haya mabawa," nikamwambia, "tutakipata lini?"

Alinyanyua macho akaniangalia. Hakuwa na hasira.

"Mwulize mama," akasema.

Mama alikuwa ameviweka viganja magotini, vimeelekea juu, vinang'aa mafuta. Sikumwuliza.